Mwisho wa Kila Mstari

Nyatichi hakuwa mtu wa gitaa. Alikuwa mtu wa majani chai, na yeyote aliyewahi kumwona akikata mistari ya michai kwenye yale mashamba yaliyo kati ya Kericho na Kiptere, kikapu mgongoni na aproni ya plastiki kiunoni, angekuambia kwamba vidole vya mama huyu vilikwisha kupata kazi yao hapa duniani na havikuwa vinatafuta nyingine.

Mwenye gitaa alikuwa mumewe, Joab. Walikuja wote wawili kutoka Kisii wangali vijana, wakapewa nyumba kwenye laini za wafanyakazi, yeye Nyatichi akaenda shambani na Joab akaingia kiwandani, upande wa kunyausha majani. Gitaa alilinunua ukubwani, kwa mtu aliyekuwa akihama. Lilikuwa la nyuzi za nailoni, na lilikuwa na mkwaruzo mmoja mrefu ubavuni. Alipouliza nani anaweza kumfundisha, akaelekezwa kwa Mzee Aron.

Mzee Aron alikuwa Mkipsigis wa upande wa Sosiot, mwenye chai yake na ng'ombe wake wa maziwa, mzee wa kanisa. Ujanani aliwahi kuwa mpishi wa mmishonari mmoja ambaye jioni alikuwa na tabia ya kukaa barazani na kupiga gitaa kwa vidole, na mpishi akajifunza kwa kusimama mlangoni, kisha kwa kukaribishwa ndani. Halikuwa gitaa la dansi, wala lile la kwaya la kukwaruza nyuzi zote pamoja. Yeye aliliita gitaa la kukaa. Unakaa wima, mguu wa kushoto unauinua juu ya kitu, na kila kidole kinakuwa na uzi wake. Wengi walikwenda kwake na wengi wakaacha, kwa sababu gitaa la kukaa lina ukatili wake: unaweza kulihangaikia mvua mpaka mvua na bado likakutolea sauti ya mlango unaohitaji mafuta.

Joab hakuacha. Kila jioni alikaa kwenye kistuli, mguu juu ya mkebe mtupu wa mafuta ya Kimbo, akapiga mstari wa kwanza wa wimbo aliofundishwa. Ulikuwa wimbo mfupi wa mistari minne, usio na maneno. Akimaliza mstari aliacha mkono juu ya nyuzi, akafumba macho, midomo ikacheza kidogo bila sauti. Nyatichi, aliyekuwa akisonga ugali pale pembeni, alikuwa haachi kumchokoza.

"Umesahau tena?"

Joab alitabasamu, akaendelea na mstari wa pili. Ikawa mchezo wao. Wiki zile za mwisho kikohozi kilipomwanza, vituo vyake vilizidi kuwa virefu, na Nyatichi akazidi kumchokoza, "Leo umesahau kabisa, Baba Kemuma." Alidhani ni uchovu.

Mvua za Julai mwaka wa tisini na nne zilikuja na baridi ya kupenya mifupa, na homa ya mapafu ikamchukua Joab kabla hata ya watu wa laini kujua kwamba amelazwa. Walimzika kwao Kisii. Kwenye mazishi Nyatichi hakulia. Si kwamba hakuwa na uchungu. Kulikuwa na wageni wa kulishwa, kulikuwa na mashemeji wa kuamkiwa, kulikuwa na binti yake Kemuma aliyefika kutoka alikoolewa akiwa amezimia mara mbili njiani, na mtu mmoja ilibidi abaki amesimama. Akabaki yeye.

Siku ya kugawana vitu vya marehemu, Gekara, mdogo wake Joab, aliulizia gitaa. Usimhukumu Gekara haraka. Alimpenda kaka yake, na kwao vyombo vya nyuzi ni vya wanaume: babu yao alipiga obokano, lile zeze kubwa la Kisii linalonguruma, na hakuna mwanamke aliyeliweka mapajani.

"Sitaki kitu cha ndugu yangu kioze ukutani, shemeji," alisema. "Nipe mimi. Vijana huku watapiga."

"Itabaki kwangu," Nyatichi alisema.

"Nani atapiga?"

"Mimi."

Wakacheka, si kwa ubaya. Hata yeye mwenyewe hakujua neno lile limetoka wapi. Gekara akakuna kichwa, akasema basi, mwaka ukiisha atakuja Kericho kwenye maombi ya ukumbusho. Akikuta gitaa linapigwa, hataligusa. Akikuta limelala, ataondoka nalo, na hapo kusiwe na maneno. Nyatichi akakubali mbele ya watu wote.

Hivyo ndivyo mjane wa makamo, mwenye vidole vyeusi kwa utomvu wa chai, alivyojikuta Jumapili moja sebuleni kwa Mzee Aron, mguu wa kushoto juu ya kistuli, ameona haya kama bibi harusi.

"Haya, Mama Kemuma. Biga hii ya chini," mzee alisema.

Nyatichi alifanya kile mkono wake ulichojua. Akaukamata uzi kwa kidole gumba na cha shahada, akaunyofoa kwenda juu, kama mtu anayechuna majani mawili na kichipukizi chake. Uzi ukapiga ubao kwa mlio wa kofi. Mzee akaruka.

"Hii siyo majani, mama! Usichune. Biga bole bole, kitole kiingie ntani ya mkono."

Alimwelewa bila shida. Miaka aliyokaa na Wakipsigis ilikuwa imemfundisha kunyoosha Kiswahili chao kichwani kabla hakijatua sikioni: biga ni piga, kitole ni kidole, bole bole ni pole pole. Nao walinyoosha chake, maana Mkisii naye akianza kuchanganya r na l, utamhurumia. Akapiga tena, na tena. Mkono ulikuwa na ukaidi wa miaka mingi, kila ukisahauliwa kidogo unachuna.

Kabla hajaondoka, mzee akamwonyesha mstari wa kwanza wote, kidole kwa kidole. Sauti ya mwisho ilipotoka, akaacha mkono umelala juu ya nyuzi na kuinamisha kichwa mpaka chumba kikanyamaza kabisa.

"Na hapa mwisho wa mstari," akasema, "dua. Usikimbie. Dua kwanza, ndiyo uende mstari ingine."

"Kila mstari?"

"Kila mstari. Ukikosa hiyo, wimbo inaharipika."

Nyatichi hakushangaa. Mzee Aron alikuwa mtu wa kuomba kabla ya kukamua ng'ombe na kuomba baada ya kukamua. Wimbo wenyewe hauna maneno, labda maneno yake ndiyo hayo. Akarudi nyumbani na gitaa mgongoni amelifunga kwa leso.

Miezi ile ya kwanza usimulizi wake ni mfupi: ilikuwa mibaya. Ncha za vidole vya kushoto zilivimba, zikapasuka, zikapona, zikapasuka tena. Asubuhi umande wa chai ulimchoma kwenye nyufa zile hadi akauma meno. Jioni, akishapima majani yake na kunawa, alikaa kwenye kistuli cha Joab na mguu juu ya mkebe wa Joab, akapiga mstari mmoja na kusali. Sala zenyewe zilikuwa fupi, za mtu asiye na muda. Bwana, nisaidie na mstari unaofuata. Amina. Kisha mstari unaofuata ulikataa.

Ukuta wa nyumba za laini si ukuta, ni adabu tu. Upande wa pili aliishi Chepchirchir, mchuna chai mwenzake, mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo usio na breki.

"Mama Kemuma!" aliita kupitia ukutani. "Hiyo paka unafinya itakufa lini tulale?"

"Ikikufa nitakuletea mkia," Nyatichi alijibu.

Lakini akishajibu hivyo aliinamisha uso. Hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba kweli inasikika kama paka. Kila Jumapili Mzee Aron alimsikiliza, akamrekebisha kiwiko, akamrekebisha mgongo. Sifa aliyotoa ilikuwa moja tu. Nyatichi akifika mwisho wa mstari na kufumba macho, mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika na kusema, "Hapo sawa. Hivyo hivyo." Hiyo sala, basi, ndiyo kitu pekee alichokuwa anakijua.

Kiangazi cha mwanzo wa mwaka majani yalipungua, naye akapata nafasi. Mstari wa kwanza ukakaa. Wa pili ukakaa nusu. Mvua ndefu ziliporudi, chai ikafura kama iliyochokozwa, kampuni ikataka kila mkono shambani, na vikapu vikawa vizito mpaka jioni vidole havikunjiki hata kushika mwiko. Mstari wa tatu ulikuwa na mahali ambapo kidole kidogo cha kushoto lazima kinyooke kwenda mbali, peke yake, vingine vikibaki vilipo. Kidole kile kilikataa Machi, kikakataa Aprili. Ukimwuliza yeyote aliyejifunza chombo ukubwani atakuambia kuwa kushindwa kwa mwanzo hakuumi sana. Kinachouma ni pale umeshajua kidogo, umeshaonja, halafu mlango unafungwa na wiki zinapita.

Jioni moja mwishoni mwa Aprili, mvua ikipiga mabati, Nyatichi aliamua kuacha. Hakuna aliyemuudhi. Alipiga mstari wa kwanza, akapiga wa pili, na alipofika mwisho wake akajua hana haja ya kujaribu wa tatu. Gekara na aje. Gekara ana watoto wenye vidole laini, na Joab amekwisha kufa, hatasikia lolote kutoka ukutani wala mapajani. Akainua mkono alitundike gitaa.

Ila alikuwa mwisho wa mstari. Mtu aliyelelewa vizuri haondoki mezani kabla ya shukrani. Akarudisha mkono juu ya nyuzi, akafumba macho, amalizane na Mungu kwanza.

Akatafuta ile sala yake fupi na haikuja. Kilichokuja ni, "Nimechoka." Kisha, "Nimechoka, na nyumba ni kubwa." Ilikuwa nyumba ya chumba kimoja. Kisha akamwambia Mungu jinsi ambavyo kila jioni bado anasonga ugali wa watu wawili, jinsi viatu vya Joab vya kiwandani vilivyo chini ya kitanda na hawezi kuvitoa wala kuvitazama, jinsi alivyomkasirikia marehemu kwa kutosema mapema kwamba kifua kinabana. Alisema yote. Tangu mazishi hakuwa amemwambia mtu neno hata moja kati ya hayo, na sasa alilia, alilia kwa sauti, paji la uso juu ya ubao wa gitaa, na nyuzi zikawa zinaitikia kidogo kila alipopumua. Chepchirchir upande wa pili, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakusema kitu.

Mstari wa tatu haukusogea jioni ile. Lakini kesho yake Nyatichi alilishusha tena gitaa, na siku iliyofuata pia. Asingeweza kukueleza vizuri ni kwa nini. Alikuwa amepata mahali. Ili kufika mahali pale ilimbidi apite kwenye mstari, na hakukuwa na njia nyingine. Basi akaacha kuuliza wimbo utaisha lini, akapiga mstari kwa ajili ya mwisho wake. Katikati ya Juni, bila kutangaza, kidole kidogo kikanyooka.

Maombi ya ukumbusho yalifanyika Jumapili moja ya Julai, hapo laini, mvua ikiwa imetulia kidogo. Walikuja wenzake Joab wa kiwandani, wakaja wa kanisani, akaja Chepchirchir na sufuria ya mursik, maziwa ya mgando ya Wakipsigis, iliyofunikwa kwa kitambaa, akaja Mzee Aron na koti lake la ibada. Gekara alifika akiwa amekunja blanketi kwapani. Hakuna aliyehitaji kuambiwa blanketi ni la kufungia nini. Nyatichi aliliona, akamkaribisha ndani.

Mchungaji alipomaliza, chai ikapita. Gekara akatua kikombe.

"Shemeji, nafikiri unakumbuka maneno yetu."

"Nakumbuka."

Akashusha gitaa. Akaweka mguu juu ya mkebe. Akapiga mstari wa kwanza, pole pole, kila sauti kivyake. Mwisho wake akalaza mkono, akafumba macho.

Chumba kikangoja. Mtu akakohoa. Gekara alimtazama, akadhani amesahau, au labda ni huo tu anaoujua, na kwa huruma ya kweli akaanza kuinuka na blanketi lake ili asimwaibishe zaidi. Nyatichi akafumbua macho na kupiga mstari wa pili. Gekara akabaki amechuchumaa, hajakaa wala hajasimama. Kituo cha pili kilipofika akakaa.

Mstari wa tatu kidole kiliteleza mara moja, sauti ikatoka kama ya kuku, na hakuna aliyecheka. Kituo. Mstari wa nne. Sauti ya mwisho ikafa taratibu chini ya mkono wake, na watu wote mle ndani walikuwa wameinamisha vichwa bila kujua nani alianza.

"Amina," alisema Gekara. Lilimtoka tu.

"Amina," wakaitikia.

Gekara akapangusa uso kwa kiganja. "Lakini shemeji, huu wimbo mbona uko na maombi katikati?"

"Mwalimu ndiye alinifundisha. Mwisho wa kila mstari, dua."

Watu wakamgeukia Mzee Aron. Mzee alikuwa ameduwaa, kikombe hewani.

"Mimi nilisema dua," alisema.

"Ndiyo, Mzee."

"Hapana, mama. Siyo dua ya maompi. Dua!" Akaweka kikombe chini, akainua mkono. "Kama ntege. Ntege inaruka, inaruka, halafu inadua kwa mdi." Mkono wake ukaelea hewani, ukashuka, vidole vikakaa juu ya meza bila kishindo.

Nyatichi aliutazama ule mkono juu ya meza.

"Tua," alisema polepole. "Ulisema nitue."

"Eee," mzee akasema, amefurahi kueleweka. "Dua."

Kicheko kilichopasuka humo kilikuwa cha watu waliobanwa na huzuni tangu asubuhi. Chepchirchir alishika mbavu. Nyatichi hakucheka. Aliona aibu kwanza, ile ya mtu anayegundua kwamba ameimba kanisani mwaka mzima maneno yasiyo yake. Vidole vilitakiwa vipumzike tu juu ya nyuzi, basi. Hakuna aliyewahi kumwagiza kusali.

"Mimi nilithani unahesapu," Mzee Aron aliendelea, akitikisa kichwa. "Unafunga macho, mtomo inacheza. Nikasema, huyu anahesapu fizuri. Hata Joab alikuwa hivyo hivyo. Yeye pia nilithani anahesapu."

Kicheko kikakatika, kwanza kwake Gekara, kisha kwa wengine waliouona uso wa Nyatichi.

Nyatichi alikuwa bado na gitaa mapajani. Alikuwa anaona kistuli hikihiki, na mkebe huuhuu, na Joab amefumba macho, midomo ikicheza. Mkisii kama yeye, sikio kama lake, mwalimu yuleyule. Kwa hiyo hakuwa akihesabu, wala hakuwa amesahau. Alikuwa akiomba, hatua mbili tu kutoka kwenye jiko, na wiki zile za mwisho, kifua kikiwa kimeshaanza kumbana, aliomba kwa muda mrefu. Yeye akamkatiza kila mara, mwiko mkononi. Na Joab akatabasamu, akaendelea na mstari unaofuata.

Machozi yalimtoka mbele ya watu wote na hakuyafuta. Gekara alikunjua lile blanketi. Akalitandika mabegani mwa Nyatichi, na ncha yake akaifunika juu ya gitaa.

"Huku kwenu ni baridi," alisema. "Ulaze gitaa ndani ya hii usiku." Akakaa chini kwenye mkeka. "Sasa nipigie tena ya kwanza. Ile alikuwa anaipiga."

Nyatichi akarudisha mguu juu ya mkebe. Akapiga mstari wa kwanza. Ulipofika mwisho alituliza mkono juu ya nyuzi kama alivyofundishwa, akafumba macho, akakaa hivyo kwa muda mrefu sana. Hakuna aliyemuuliza kama amesahau.